Charles Bradlaugh na Mlango wa Bunge

Wako watu wengi waaminio ya kuwa ukishaijua dini ya mtu umekwisha kuijua na siasa yake. Mtu amwaminiye Mungu, husema hao, hana budi kuwa rafiki wa mila, wa mali na wa serikali iliyopo; na asiyemwamini hana budi kuwa msoshalisti atakaye kuyagawanya mashamba na viwanda vya watu. Wengine huigeuza hesabu hiyo hiyo juu chini: kwao mtu wa dini ni kibaraka wa matajiri, na mkana Mungu ndiye mtetezi wa kweli wa wanyonge. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zinapima nguo kwa mizani. Ili jambo hili lionekane kwa mfano, wala si kwa maneno matupu, leo twawaeleza wasomaji wetu maisha ya Charles Bradlaugh, Mwingereza ambaye kwa muda wa karibu miaka sita alizuiliwa kukikalia kiti alichopewa na wapiga kura, kwa sababu tu alisema wazi kwamba haamini kuwa Mungu yuko.

Bradlaugh alizaliwa tarehe 26 Septemba 1833 huko Hoxton, mtaa wa watu wa hali ya chini katika jiji la London. Baba yake alikuwa karani wa wakili. Mtoto aliacha shule akiwa na umri wa miaka 11 hivi, akawa tarishi wa ofisi, kisha karani wa mfanyabiashara wa makaa ya mawe. Siku za Jumapili alifundisha dini kwa watoto kanisani. Siku moja kasisi wake alimtaka ajiandae kwa kipaimara mbele ya Askofu wa London, akamwagiza azisome vema Injili nne pamoja na zile Makala 39 za imani ya Kanisa la Uingereza.

Kijana alifanya kama alivyoagizwa, tena kwa bidii. Alipoziweka Injili kando kwa kando aliona mahali ambapo hakuweza kuzilinganisha, akamwandikia kasisi kuomba aelezwe. Hakuelezwa. Alisimamishwa kazi ya kufundisha, na baba yake akaarifiwa kwamba mwanawe amekuwa mkana Mungu. Kabla hajatimiza miaka 17 alikuwa amekwisha kuondoka nyumbani kwao. Yafaa ikumbukwe kwamba wakati ule kijana huyu hakuwa mkana Mungu bado. Alikuwa mwulizaji tu. Waliompa jina hilo ni wale ambao kazi yao ilikuwa kumjibu.

Aliyempa hifadhi alikuwa Eliza Sharples, mjane wa Richard Carlile, mchapaji wa vitabu aliyepata kufungwa miaka mingi kwa ajili ya uhuru wa kuchapisha. Lakini hifadhi haishibishi, wala haimlipii mtu madeni. Mwaka 1850 Bradlaugh alijiandikisha jeshini, akapelekwa Ireland pamoja na kikosi cha askari wa farasi. Nchi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inatoka katika njaa kuu. Huko aliwaona wakulima wakifukuzwa katika vibanda vyao kwa amri ya wenye ardhi, na askari wakisimama kuhakikisha kwamba amri inatimizwa. Mambo hayo hakuyasahau maisha yake yote. Mwaka 1853 alipata urithi mdogo wa ndugu wa bibi yake, akajikomboa kutoka jeshini, akarudi London kuwa karani wa wakili. Sheria aliyojifunza kwa kuinakili mezani ilikuja kuwa silaha yake.

Mchana alikuwa karani. Usiku alikuwa mhutubu, akijiita kwa jina lenye maana ya Mvunja Sanamu. Alikuwa mtu wa kimo, mwenye kifua kipana na sauti ya kujaza ukumbi. Mwaka 1860 alishiriki kuanzisha gazeti la National Reformer, na mwaka 1866 akaanzisha National Secular Society, chama kilichotaka serikali isiwe na dini ya kupendelea. Alitaka pia Uingereza iwe jamhuri, ardhi isiachwe bure mikononi mwa makabaila, na Ireland ijitawale. Hapo msomaji atasema: basi, si mlisema wenyewe, huyu ni msoshalisti. La hasha.

Bradlaugh aliamini kwamba mtu huinuliwa na jasho lake, akiba yake na elimu yake, wala si na mkono wa serikali. Aliona kwamba chanzo kikubwa cha umaskini ni wingi wa watoto katika nyumba zisizo na mapato. Kwa hiyo mwaka 1877 yeye na Bibi Annie Besant, aliyekuwa mke wa kasisi na ambaye naye alikuwa ameiacha imani, walichapisha upya kijitabu cha daktari mmoja wa Marekani kilichoeleza njia za kupanga uzazi. Walishitakiwa, wakahukumiwa kifungo cha miezi sita, na mwaka 1878 hukumu ikatenguliwa katika rufani. Bradlaugh aliokoka, Bibi Besant alinyang'anywa binti yake kwa amri ya mahakama.

Mwaka 1880, baada ya kushindwa mara tatu, Bradlaugh alichaguliwa kuwa mbunge wa Northampton, mji wa mafundi wa viatu. Katika Bunge la Makabwela kila mbunge alipaswa kuapa kwa jina la Mungu. Bradlaugh aliomba aruhusiwe kuthibitisha tu, yaani kutoa ahadi ya dhati pasipo kulitaja jina hilo, kama sheria ilivyowaruhusu Waquaker na kama mahakama zilivyokwisha kuwaruhusu mashahidi wasio na dini. Alikataliwa. Akasema basi ataapa, na kiapo hicho kitamfunga kama ahadi yoyote ya mtu mwaminifu. Akakataliwa tena, safari hii kwa hoja kwamba mtu asiyemwamini Mungu hawezi kuapa kwa jina lake. Mlango wa kwanza ulifungwa kwa kuwa si mtu wa madhehebu yaliyotajwa katika sheria. Wa pili ulifungwa kwa kuwa alisema kweli. Laiti angalinyamaza, angalipita kama walivyopita wengine waliokuwa na mashaka kama yake, wakaapa na kwenda zao kuketi.

Tarehe 23 Juni 1880 alikamatwa ndani ya Bunge, akalazwa katika chumba cha mnara wa saa. Baadaye aliruhusiwa kuthibitisha kwa hatari yake mwenyewe; mahakama ikasema mwaka 1881 kwamba sheria haikumpa haki hiyo, akapoteza kiti. Northampton wakamchagua tena. Tarehe 3 Agosti 1881 alipojaribu kuingia aliburutwa nje na watumishi wa Bunge na polisi, nguo zikamchanikia mwilini. Mwaka 1882 alisimama akajiapisha mwenyewe, akafukuzwa, akachaguliwa tena. Mwaka 1884 mambo yakawa yale yale. Kwa hesabu, mafundi wale wa viatu walimchagua mara tano, kuanzia 1880 hadi 1885, kabla mtu wao hajaketi kwa amani. Sisi twaona kwamba katika habari hii yote waliodhulumiwa zaidi ni wao, maana wengi wao walikuwa watu wa makanisa, nao walijua vema wanamchagua nani.

Sasa na tuwaangalie waliokuwa upande huu na upande ule. Waziri Mkuu, William Gladstone, alikuwa mtu wa ibada asiyekosa kanisani. Naye ndiye aliyeleta muswada wa mwaka 1883 wa kuwaruhusu wabunge kuthibitisha, akieleza kwamba dini haipati heshima kwa kulindwa na kiapo cha kulazimishwa. Muswada ulianguka kwa kura 3 tu, 292 kwa 289. Wabunge wengi wa Ireland, ambao nchi yao Bradlaugh aliitetea, walipiga kura ya kumzuia. Kadinali Manning, mkuu wa Wakatoliki wa Uingereza, aliandika kwa ukali dhidi yake. Lakini Manning huyo huyo, makuli wa bandari ya London walipogoma mwaka 1889 kudai peni sita kwa saa, aliwaendea akiwa mzee wa miaka 81, akawapatanisha na waajiri, nao wakaipata ile peni sita.

Na mkana Mungu wetu je? Mwezi wa Aprili 1884, akiwa bado nje ya mlango wa Bunge, alipanda jukwaa la St James's Hall kujadiliana na H. M. Hyndman, kiongozi wa wasoshalisti, kama usoshalisti utawafaa Waingereza. Bradlaugh alisema hautawafaa: utaua bidii ya mtu mmoja mmoja, nao hauwezi kuja pasipo mabavu. Baadaye alipinga hata sheria ya kuwawekea wafanyakazi wanaume siku ya saa nane. Sisi hatukubaliani naye katika hilo; fundi asiye na akiba hana nguvu ya kupatana na tajiri kuhusu saa za kazi. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyeongoza sheria ya mwaka 1887 ya kuwazuia waajiri kuwalipa watu bidhaa za duka badala ya fedha.

Bibi Besant, aliyeikataa imani pamoja naye, aliusikiliza usoshalisti na kuukubali. Mwaka 1888 aliwasaidia wasichana wa kiwanda cha viberiti kugoma, na kabla ya hapo, mwaka 1887, alikuwa ameuacha uhariri wa lile gazeti ili marafiki wawili wasivutane ndani ya ukurasa mmoja. Halafu mwaka 1892 akaingia Bunge Keir Hardie, mchimba makaa wa Scotland na mhubiri, aliyesema kwamba usoshalisti wake ameutoa katika mafundisho ya Kristo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Wawili wasioamini waliachana njia kwa ajili ya mkate, na mwamini akafika alipokataa kufika mkana Mungu.

Tarehe 13 Januari 1886 Spika mpya, Arthur Peel, alikataa mtu yeyote kuingilia kati, Bradlaugh akaapa akaketi. Mwaka 1888 ndiye aliyeipitisha Sheria ya Viapo, iliyompa kila mtu haki ya kuthibitisha bungeni na mahakamani. Mlango huo uko leo katika sheria za nchi nyingi zilizopata kutawaliwa na Uingereza. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humwachia kiongozi achague kuapa au kuthibitisha.

Miaka yake ya mwisho aliitumia kuisemea India, ambayo haikuwa na mbunge hata mmoja huko London. Desemba 1889, akiwa ametoka katika ugonjwa mkali, alisafiri hadi Bombay kuhudhuria mkutano wa chama cha Congress. Alifariki tarehe 30 Januari 1891. Siku tatu kabla ya hapo Bunge lilikuwa limeamua kulifuta katika kumbukumbu zake azimio la 1880 la kumzuia, lakini mgonjwa alikuwa hajitambui, wala hakupata kujua. Miongoni mwa waliokwenda kumzika Brookwood alikuwako mwanafunzi kijana wa sheria, Mohandas Gandhi, mtu aliyemtafuta Mungu siku zote za maisha yake.

Imani ya mtu ni jambo zito, nasi hatusemi kwamba haimwongozi. Lakini haituambii atapiga kura gani juu ya ujira, ardhi au mpagazi wa bandarini. Hayo sharti aulizwe mwenyewe, tena atazamwe anavyotenda. Na mtu akijibu kwa kweli, hata kama kweli yake hatuipendi, asifungiwe mlango kwa sababu ya kuisema; maana mlango wa namna hiyo huwazuia wakweli peke yao, na waongo hupita.