LODI SHAFTESBURY: MTETEZI WA WATOTO WA VIWANDANI

Sisi tuliolala mabwenini tunajua kwamba shule humjenga mtu, na pengine humjeruhi. Anthony Ashley-Cooper, aliyekuja kuwa Lodi Shaftesbury wa saba, aliyaonja yote mawili.

Alizaliwa London tarehe 28 Aprili, 1801, katika ukoo wa makabaila wenye mashamba makubwa mkoa wa Dorset. Nyumbani mali ilikuwepo, mapenzi hayakuwepo. Wazazi wake walikuwa wakali na hawakumjali. Aliyempenda ni mtumishi wa nyumba, Maria Millis, ambaye ndiye aliyemfundisha kusali. Mama huyo alipofariki alimwachia saa yake, naye akaitumia maisha yake yote.

Akiwa na umri wa miaka 7 alipelekwa shule ya bweni huko Chiswick, akakuta uchafu na mapigo. Baadaye, akisoma Harrow, aliona maziko ya maskini mmoja: wachukuzi walikuwa wamelewa, wakaliangusha jeneza njiani. Hapo akaazimia kuwatetea wanyonge.

Aliingia Baraza la Makabwela mwaka 1826, na tangu 1833 akaongoza madai ya kupunguza muda wa kazi viwandani, ambako watoto walifanya kazi saa 12 na zaidi kwa siku. Mwaka 1841 alikataa cheo alichopewa na Waziri Mkuu Peel, kwa sababu Peel hakukubali sheria ya saa 10. Mwaka 1842 alifanikisha sheria iliyokataza wanawake, wasichana, na wavulana wa chini ya miaka 10 kufanya kazi chini ya ardhi migodini.

Lakini nyani haoni kundule, na wapinzani wake walimkumbusha hivyo. Mbona vibarua wa mashamba ya Dorset waliishi katika vibanda vibovu kwa ujira mdogo? Hakujificha. Mwaka 1843 alisema hadharani huko huko Dorset kwamba hali hiyo ni aibu. Baba yake alikasirika, na uhusiano wao uliokuwa mbaya tangu zamani ukazidi kuharibika.

Mwaka 1846 alijiuzulu ubunge, kwa kuwa msimamo wake juu ya ushuru wa nafaka haukulingana tena na ahadi aliyowapa wapiga kura. Hivyo sheria ya saa 10 ilipopita mwaka 1847, iliyopigania kwa miaka 14, yeye hakuwemo Barazani.

Baba yake alifariki 1851, naye akarithi cheo, kiti katika Baraza la Malodi, mashamba na madeni. Pamoja na madeni hayo, alianza kuwajengea vibarua wake nyumba bora.

Alimwoa Emily Cowper mwaka 1830, wakazaa watoto 10. Mwanawe Francis alifariki mwaka 1849 akiwa mwanafunzi wa Harrow. Emily alifariki 1872. Yeye mwenyewe aliaga dunia tarehe 1 Oktoba, 1885. Alikuwa amekataa kuzikwa Westminster Abbey pamoja na wakubwa, akazikwa kijijini kwao, Wimborne St Giles.

Ndugu zangu, wengi wetu tumepata vyeo, na tunajua kuhutubia juu ya haki. Tuanzie nyuani kwetu: yule mtoto anayetufulia nguo, je, naye amepata kukaa darasani?