CAPABLANCA: BINGWA ALIYEPIMWA NA TARAKILISHI

Mwaka huu nawaletea maisha ya José Raúl Capablanca, bingwa wa sataranji, mchezo ule wa mfalme na malkia juu ya ubao wa miraba 64.

Alizaliwa tarehe 19 Novemba 1888 mjini Havana, Kuba. Akiwa na miaka minne tu alijua kucheza kwa kumtazama babake. Mwaka wa 1921, papo hapo Havana, alimshinda Mjerumani Emanuel Lasker, bingwa wa dunia tangu 1894. Jamaa huyu hakuwa wa mzaha! Tangu 1916 hadi 1924 hakushindwa mchezo hata mmoja wa mashindano. Watu wakambandika jina la mashine.

Lakini hakuna refu lisilo na ncha. Mwaka wa 1927, mjini Buenos Aires, Alexander Alekhine, mzaliwa wa Urusi, alimpokonya taji baada ya michezo 34. Capablanca hakupewa nafasi ya kurudiana naye kuliwania. Alifariki New York tarehe 8 Machi 1942, taji hana.

Je, mambo yaliishia hapo? La hasha! Kila hatua aliyocheza ilikuwa imeandikwa. Mwaka wa 2006, wataalamu wawili wa Slovenia, Matej Guid na Ivan Bratko, walitia katika tarakilishi michezo ya mabingwa 14 ya kuwania taji la dunia. Programu iitwayo Crafty ilitafuta hatua bora, kisha ikailinganisha na ile aliyocheza bingwa. Tofauti yake ndiyo ilihesabiwa kuwa kosa. Basi ni nani aliyekuwa na makosa madogo zaidi kwa wastani? Ni Capablanca!

Kweli, wataalamu hao waliona pia kwamba alipenda michezo isiyo na vurugu, ambamo si rahisi mtu kuteleza. Lakini mimi nauliza, kwani nani aliwakataza wengine kucheza hivyo? Kuikwepa vurugu pia ni akili.

Wenzangu, tarakilishi haina rafiki wala adui. Taji Capablanca alinyang'anywa, ila kazi yake safi ilibaki kwenye karatasi, ikamtetea miaka 64 baada ya kifo chake. Nasi tuandike kazi zetu vizuri, hata asipokuwapo wa kutupigia makofi leo.