Marehemu Shaaban Robert na Hesabu ya Nafsi

Marehemu Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Tanga, mwaka 1909. Tangu 1926 hata 1944 alikuwa karani wa forodha, akihesabu mali za watu. Alipopita umri wa miaka 50 alirejea kuandika habari zake mwenyewe katika Baada ya Miaka Hamsini, akiendeleza Maisha Yangu. Mauti yalimfika mwaka 1962, naye ana miaka 53 tu. Lau angalingoja uzee, kalamu isingalipata nafasi.

Ndugu Waislamu, muhasaba ni wajibu wetu sote. Aliyepita hamsini asione amechelewa. Ashike daftari, na kila baada ya Isha aandike deni la siku: sala iliyompita, ulimi uliomponyoka, haki ya jirani. Kisha atubu, na kukicha alipe.