Leibniz na maandishi ya sufuri na moja

Gottfried Wilhelm Leibniz alizaliwa mjini Leipzig, Ujerumani, tarehe 1 Julai 1646. Baba yake, profesa wa maadili, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, akamwachia vitabu vyake. Humo Leibniz alijifunza Kilatini kwa sehemu kubwa peke yake. Chuo kikuu cha Leipzig kilipomnyima udaktari wa sheria, aliupata Altdorf akiwa na miaka 20.

Tangu ujana alitamani maandishi ambayo alama zake zingebeba mawazo yenyewe, ili watu wa lugha zote wamalize ubishi wao kwa kukokotoa. Hakuyapata. Lakini mwaka 1679 aliandika jinsi namba yoyote inavyoweza kuandikwa kwa 0 na 1 tu: mbili ni 10, tatu ni 11, nne ni 100. Aliwaza hata mashine ya kukokotoa hivyo kwa gololi. Katika karatasi zake alijaribu pia kuhesabu kwa tarakimu kumi na sita.

Kazi yake ya mshahara ilikuwa nyingine. Kwa miaka 40 alitumikia watawala wa Hannover, ambao walimdai historia ya ukoo wao. Hakuimaliza. Mwaka 1703 alipokea kutoka Beijing, kwa padri Mjesuiti Joachim Bouvet, michoro 64 ya kale ya Wachina, yenye mistari mizima na iliyokatika. Akaona humo moja na sufuri zake. Mwaka huohuo aliipelekea Akademia ya Sayansi ya Paris maelezo ya hesabu yake. Faida yake haikuonekana bado.

Bwana wake alipokuwa mfalme wa Uingereza mwaka 1714, alimwacha Hannover. Leibniz alifariki huko tarehe 14 Novemba 1716, na watu wa ikulu hawakuhudhuria maziko.

Leo kila kompyuta huhifadhi data kwa sufuri na moja. Kwa kuwa mfuatano huo ni mrefu, waandishi wa programu huukata katika mafungu ya tarakimu nne, kisha kila fungu hupewa alama moja: 0 hadi 9, halafu A hadi F kwa kumi hadi kumi na tano. Basi 01001011 hukatwa 0100 na 1011, yaani 4 na B: 4B. Kurudi nyuma ni kufungua kila alama kuwa tarakimu nne. Hakuna kinachopotea.

Kwetu sisi wa lugha, huo ni unukuzi, si tafsiri. 4B haisemi kama ni namba 75 au herufi K. Wasomaji lazima wapatane kwanza. Leibniz alitafuta alama zinazojieleza zenyewe. Zilizoenea duniani ni zile zisizosema neno bila mapatano ya watu.