Steinmetz, kibiongo aliyezipigia hesabu nyaya tatu

Jirani yangu ana kinu cha kusaga mahindi. Asubuhi moja aliwasha swichi, mota ikanguruma pale pale ilipo bila kuzunguka, ikatoa moshi, ikafa. Fundi alipofika alipima kwa kidude chake, akasema fezi moja ilikuwa imekatika. Nyaya tatu zilizoletwa kwa ajili ya mota zimebaki mbili. Akakunja vifaa vyake, akalipwa, akaenda zake. Jirani akanigeukia mimi. Kwa kuwa jina langu hulikuta gazetini, ameshika kuwa mimi najua kila kitu. Aliniuliza vipi taa za nyumbani kwake zinawaka, nyaya mbili za kinu zina stima, na mota imeungua. Nikakohoa, nikasingizia shughuli, nikaondoka.

Aibu ile ndiyo iliyonipeleka vitabuni, na humo vitabuni nikakutana na bwana mmoja ambaye leo, msomaji wangu, napenda tukae naye kidogo. Jina lake Charles Proteus Steinmetz. Alifariki mwaka 1923, na mpaka leo hakuna mhandisi wa stima anayekamata kalamu ila anafuata njia aliyoipasua yeye.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1865 katika mji wa Breslau, uliokuwa chini ya Prussia wakati huo, na ambao siku hizi ni Wrocław, nchini Poland. Jina alilopewa ni Karl August Rudolf. Alizaliwa na kibiongo na nyonga mbovu, kama baba yake na babu yake kabla yake. Mama yake alifariki yeye akiwa mtoto wa mwaka mmoja hivi. Hata alipokuwa mtu mzima kimo chake hakikuzidi sana futi 4. Lakini Mola akifunga mlango huu hufungua ule: kijana aliingia Chuo Kikuu cha Breslau mwaka 1883, na katika hesabu hakuwa na wa kumshika. Wanafunzi wenzake walimpachika jina la Proteus, yule mzee wa baharini wa hadithi za Wayunani aliyekuwa akijigeuza kila umbo ili asikamatwe.

Jina lilikuwa la utani, lakini kukamatwa kulikuwa kweli. Kijana aliingia katika siasa za wajamaa, na Kansela Bismarck alikuwa ametunga sheria dhidi yao tangu mwaka 1878. Steinmetz akawa anahariri gazeti la chama. Mwaka 1888, shahada ikiwa imemkaribia mkononi, alipata habari kuwa polisi wanamtafuta. Akakimbilia Zurich, Uswisi. Shahada ikabaki nyuma, na baba yake akabaki nyuma.

Mwaka uliofuata alipanda meli ya Kifaransa pamoja na rafiki yake Asmussen, daraja la chini kabisa, wakafika New York mwanzoni mwa Juni 1889. Wahamiaji siku hizo waliingilia Castle Garden, kwani Ellis Island haikufunguliwa mpaka 1892. Hebu mfikirie mbele ya maofisa: mfupi, kibiongo, uso umevimba kwa baridi ya safarini, Kiingereza hana, pesa hana, kazi hana. Wakaazimu kumrudisha. Ni Asmussen aliyewaonyesha fedha zake, akadai ni za wote wawili, na kwamba yeye ndiye atakayemtunza. Ndipo wakamwachia. Mimi hapo husita kila ninapofika. Kwa neno la rafiki mmoja tu, hesabu za stima za dunia nzima zilipita katika lango lile zikiwa zimevaa koti kuukuu.

Alipata kazi Yonkers, kwa mzee mmoja aitwaye Rudolf Eickemeyer, Mjerumani aliyekimbia kwao baada ya machafuko ya 1848, mwenye karakana ya mashine za kutengeneza kofia na mota za umeme. Alianza kama mchoraji wa michoro ya mashine, kwa dola 12 kwa wiki. Huko ndiko alikoona chuma kikipata moto ndani ya mashine za stima, kila mtu akijua kuwa moto huo ni hasara, na hakuna ajuaye kuukadiria kabla mashine haijaundwa. Mafundi walikuwa wakiunda kwanza, kisha wanaomba salama. Januari 1892 Steinmetz alisimama mbele ya wahandisi wa Marekani akawapa kanuni ya hasara hiyo. Alikuwa na umri wa miaka 26. Mwaka uliofuata kampuni kubwa ya General Electric, iliyoinunua karakana ya Eickemeyer, ilimchukua, na mwaka 1894 akahamia Schenectady alikokaa mpaka kufa.

Sasa turudi kwenye nyaya za jirani. Stima ya nyaya tatu hakuizua Steinmetz. Yule aliyeifanya ikafanya kazi ni Dolivo-Dobrovolsky, Mrusi aliyekuwa Ujerumani katika kampuni ya AEG, ambaye mwaka 1889 aliunda mota yake ya fezi tatu. Mwaka 1891 watu waliona maajabu: maji ya mto huko Lauffen yakiwasha taa za maonyesho ya Frankfurt, mwendo wa kilomita 175. Lakini kuona taa zikiwaka ni jambo moja, na kujua kwa nini na kwa kiasi gani ni jambo jingine.

Wale waliokulia kwetu hawahitaji kuelezwa sana. Wanawake watatu wanapotwanga kinu kimoja, michi haishuki pamoja. Mmoja anapiga, wa pili yuko njiani, wa tatu ndiyo kwanza anainua. Kinu hakipumziki. Ndivyo nyaya tatu zilivyo. Stima yetu hwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na katika waya mmoja nguvu hupanda na kuzimika mara 100 kwa sekunde hiyo hiyo. Zikiwa tatu, zikapokezana kwa theluthi sawasawa, jumla ya nguvu haipandi wala haishuki. Na kule kupokezana ndiko kunakoifanya sumaku ndani ya mota izunguke. Ukimwondoa mtwangaji mmoja, sumaku haizunguki tena ila inakwenda na kurudi tu. Mota iliyosimama haijui ielekee wapi, inasimama ikiungua. Hilo ndilo jibu la jirani, na taa zake ziliwaka kwa sababu kila taa hutosheka na fezi moja.

Lakini vipi huhesabiwa? Hapa ndipo penye Steinmetz. Volti ni msukumo. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita. Katika betri ya tochi ukizidisha msukumo kwa mkondo unapata wati, yaani nguvu, na hesabu imekwisha. Katika stima inayokwenda na kurudi mambo hayawi hivyo, kwa sababu mkondo hauendi sambamba na msukumo. Mota ni waya uliozungushwa juu ya chuma. Sumaku yake hujengeka na kubomoka, na kwa hiyo mkondo huchelewa nyuma ya msukumo. Ni kama watu wanaovuta jahazi ufukoni. Mwimbishaji anaita, waitikiaji wanavuta. Wakivuta wito ulipokwisha kupita, jasho linatoka kamili lakini chombo hakisogei kwa kadiri ya jasho.

Wahandisi wa wakati ule walilifuatilia wimbi hilo hatua kwa hatua, nukta kwa nukta, kwa hesabu ngumu ambazo wengi wao hawakuziweza. Agosti 1893, katika mkutano wa wanaumeme huko Chicago, Steinmetz aliwaonyesha njia ya mkato. Alichukua ile namba ya ajabu ambayo ukiizidisha kwa nafsi yake unapata hasi moja, namba ambayo wanahesabu waliiita ya kuwazia tu. Yeye aliitumia kama agizo la kugeuka robo ya duara. Geuka robo, geuka robo tena, umetazama nyuma: hiyo ndiyo hasi moja. Basi msukumo na mkondo, kila mmoja ukawa kama safari ya chombo, maili kadha mashariki na maili kadha kaskazini. Nahodha yeyote anaweza kuzijumlisha.

Nami nikaelewa kwa njia hiyo hiyo kitu kilichokuwa kikinikera. Katika nguzo zetu, kati ya fezi na nyutro mna volti 240, na kati ya fezi na fezi mna 415. Kwa nini si 480? Chukua majahazi matatu yaondoke bandari moja, kila moja lishike njia yake, njia hizo zikiwa zimeachana theluthi ya duara, na kila moja liende maili 240. Pima kutoka jahazi moja hadi jingine: utapata maili 415. Bandari ndiyo nyutro. Na chombo kimoja kikienda maili 240 kwa njia ya kwanza, kikageuka kikashika ya pili maili 240, kisha ya tatu maili 240, kitajikuta bandarini kilikotoka. Kwa ajili hiyo mizigo ya fezi tatu ikilingana, mikondo yao inafutana, na waya wa nyutro hauna wa kumrudisha.

Nikaipigia hesabu mota mpya ya jirani. Volti 415, ampea 20 katika kila waya. Ukizidisha, kisha ukazidisha tena kwa 1.732 kwa sababu ya zile njia zilizoachana, unapata kiasi cha 14,400. Hiyo ni nguvu ya macho. Ikiwa kwa kule kuchelewa kwa mkondo ni sehemu 80 tu katika 100 zinazofanya kazi, nguvu ya kweli ni wati 11,500. Mkondo ungelikwenda sambamba na msukumo, ampea 16 zingelitosha kwa kazi ile ile. Na joto la waya hufuata mraba wa ampea: 20 mara 20 ni 400, 16 mara 16 ni 256. Tofauti hiyo inaishia kupasha moto nyaya, na hakuna unga uliosagwa kwayo.

Niseme na hili, maana wasomaji wengine watadhani hesabu hizi ni za kigeni. Nilipokuwa chuoni, maalimu alitufundisha mirathi: mke thumuni, mama sudusi, binti wa pekee nusu. Niliichukia bakora yake na nikazichukia sehemu zile. Ni ukubwani nilipojua kuwa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun, alipotunga kitabu chake cha al-jabr aliitenga sehemu kubwa kwa masuala hayo hayo ya mirathi na wasia. Hiyo al-jabr ndiyo Steinmetz aliyoitia ndani ya stima.

Mwaka 1897 alitoa kitabu chake kikubwa juu ya stima ya kwenda na kurudi, akiwa pamoja na mwenziwe Ernst Berg. Mwaka 1901 wahandisi wa Marekani walimchagua rais wao. Harvard ilimtunuku shahada ya heshima mwaka 1902, na Union College ikampa uprofesa. Hapa Mombasa kampuni ya umeme ilipoanzishwa mwaka 1908, yeye alikuwa bado anasomesha huko.

Watu wengi wakimtaja huanza na kisa cha alama ya chaki, kwamba aliitia juu ya mashine mbovu ya Henry Ford akadai dola 10,000. Ni kisa kitamu, lakini mimi sikitegemei. Napenda zaidi habari za nyumba yake. Aliapa asioe, asije akamrithisha mtoto kibiongo chake. Badala yake alimlea msaidizi wake wa maabara, Hayden, akamfanya mwanawe kisheria; na Hayden alipooa mwaka 1903, bwana harusi na bibi harusi waliingia kukaa kwa mzee. Wakazaa watatu, nao wakamwita babu. Nyumba ilikuwa na banda la vioo lililojaa okidi na madungusi, na mamba wadogo ndani yake. Siku za joto alikwenda kwenye kibanda chake kando ya kijito, akatia ubao juu ya kimtumbwi, akafanya hesabu zake majini.

Ujamaa wake hakuuacha. Meya mjamaa aliposhika mji wa Schenectady mwaka 1912, Steinmetz alitiwa katika bodi ya elimu, akawa mwenyekiti wake, akapigania vitabu vya bure na madarasa kwa watoto wa wahamiaji. Nadhani hakusahau lile lango la New York.

Mwaka 1920 radi ilikipiga kibanda chake, ikavunja kioo cha kujitazamia. Akaviokota vipande akaviunganisha, asome njia uliyopita umeme. Mwaka 1922 akatengeneza radi yake mwenyewe katika maabara: volti 120,000, ampea 10,000. Zidisha uone, ni wati milioni 1,200. Magogo yalipasuka vibanzi. Lakini ilidumu sehemu moja katika laki moja ya sekunde, kwa hiyo kazi iliyokuwamo ndani yake haizidi ya kuwasha balbu ya wati 60 kwa dakika tatu na kitu.

Mwaka 1923 alikwenda safari ndefu ya magharibi ya Marekani na jamaa ya Hayden. Alirudi amechoka, na tarehe 26 Oktoba, asubuhi, alifariki kitandani mwake, umri miaka 58. Alizikwa Schenectady, katika makaburi ya Vale. Nyumba yake ilibomolewa baadaye. Kibanda cha kando ya kijito alikinunua Henry Ford, kikang'olewa, kikasimamishwa tena katika makumbusho yake ya Greenfield Village huko Dearborn, nacho kipo hadi leo.