Maisha ya Bwana Wernher von Braun

Mkaaji wa Ikwiriri ni nani asiyeona pampu ikivuta maji ya Rufiji kuyapeleka bustanini? Ndani yake mna gurudumu lenye mapanga. Likizunguka upesi, maji husukumwa kwa nguvu. Mimi sikujua kwamba chombo cha namna hiyo ndicho moyo wa roketi mpaka niliposoma habari za Bwana von Braun.

Alizaliwa tarehe 23 Machi, 1912, huko Wirsitz, mji uliokuwa wa Wajerumani na ambao sasa umo Poland. Tangu utoto alipenda nyota. Mwaka 1932 aliingia kazi ya jeshi, na baadaye, huko Peenemünde, aliongoza mafundi waliotengeneza roketi ya V-2. Roketi hiyo haikutumia petroli. Ilichoma spiriti iliyochanganywa na maji, tena spiriti yenyewe ilitokana hasa na viazi ulaya, pamoja na oksijeni iliyopozwa hata ikawa maji. Shida ilikuwa kuvifikisha jikoni mwa injini, kadiri ya kilo 125 kila sekunde! Pampu ya kawaida isingeweza. Walipokwenda kwa watengenezaji, walikuta kwamba pampu waitakayo ni ndugu wa ile ya wazima moto. Basi wakaizungusha kwa mvuke wa haidrojeni peroksidi, na tarehe 3 Oktoba, 1942, roketi ikapaa zaidi ya kilometa 80.

Hapo nilikuwa nimekwisha mpenda sana. Kisha nikasoma yaliyofuata. Mwaka 1944 roketi hizo ziliangukia London na Antwerp, zikaua raia. Ziliundwa na wafungwa ndani ya mapango karibu na Nordhausen, katika kambi ya Mittelbau-Dora, ambako watu wapatao 20,000 walikufa kwa njaa, maradhi na mateso. Naye alikuwa na cheo katika SS, na mapango hayo aliyafika mwenyewe.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wamarekani walimchukua. Aliwaundia Redstone, nayo ya spiriti, iliyompandisha Alan Shepard angani tarehe 5 Mei, 1961. Kisha Saturn V, iliyopeleka watu Mwezini mwaka 1969. Alifariki tarehe 16 Juni, 1977.

Picha yake niliyoibandika ndani ya tranka langu nimeibandua. Ile ya pampu ingalipo.