JAMES WATT NA NGUVU YA FARASI

Karatasi ya motokari inaandikwa kwamba motere iko na nguvu ya farasi kadhaa. Hao farasi wanatoka wapi? Tutazame maisha ya Bwana James Watt.

Alizaliwa tarehe 19 Januari 1736 huko Greenock, inchi ya Scotland. Utotoni alikuwa mzaifu wa mwili, lakini mikono yake ilikuwa hodari. Alijifunza London kazi ya kutengeneza vyombo vya kupimia, na mwaka wa 1757 chuo kikuu cha Glasgow kikamupa chumba cha kazi. Kisha wakamuletea mfano wa masini ya mvuke ya Newcomen autengeneze. Akaona silinda inapashwa moto na kupozwa kila mara, na moto mwingi unapotea bure. Mwaka wa 1765 akapata shauri: mvuke upozwe katika chombo kingine, silinda ibaki na moto wake.

Mwaka wa 1775 alishirikiana na Matthew Boulton wa Birmingham. Wenye migodi walilipa sehemu ya tatu ya bei ya makaa waliyookoa. Lakini wenye vinu wengine walikuwa na farasi tu. Wao walipe namna gani? Watt akapima kazi ya farasi, akaweka kipimo: kuinua kilo 76 hivi kwa meta moja katika sekunde moja. Farasi wengi hawawezi kazi hiyo mchana kutwa, basi mnunuzi hakupunjwa.

Alikufa tarehe 25 Agosti 1819. Mwaka wa 1882 William Siemens alitoa shauri kwamba kipimo cha nguvu kiitwe watt. Nguvu ya farasi moja ni watt 746.

Na sisi tunaweza kupima motere bila kuifungua. Tuseme motokari na watu wake ni kilo 1.000. Inaanza kusimama, na kisha sekunde 10 inafika mbio ya kilometa 72 kwa saa, ni kusema meta 20 kwa sekunde. Nusu ya 1.000 mara 20 mara 20 ni joule 200.000. Tugawanye kwa 10: watt 20.000, karibu farasi 27. Tupime kwenda na kurudi, ili kilima na upepo visitudanganye. Motere yenyewe inazidi hapo, kwa sababu upepo na mipira vinakula sehemu.

Basi ndugu, muuzaji akisifu farasi 100 za motokari hiyo, tusibishane naye. Tushike saa na kalamu.